Kimo cha Mtu Aliyechuchumaa

Fundi Jaribu hakuwahi kumkabidhi mtu kitu ambacho hajakijaribu kwa mwili wake mwenyewe. Akitengeneza kitanda, alikilalia, na siyo kule kujinyoosha dakika moja halafu ukanyanyuka. Alilala hasa, akakoroma, na mteja akija kuchukua kitanda chake anamkuta fundi kajifunika kofia usoni. Akitengeneza kiti cha dukani, alikikalia mpaka chai yake iishe. Na ile habari ya jeneza, ambayo watu wameitia chumvi mpaka hailiki, ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Aliingia, akajilaza, akamwambia mwenye msiba kwamba mabegani panabana na marehemu alikuwa mpana kuliko yeye, kwa hiyo wampe mpaka kesho. Mwenye msiba alitaka kulia, akajikuta anacheka.

Basi jina likamganda. Lile alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho, likipigwa vumbi. Alikuwa amefika miaka sitini na tatu, magoti yanakunjika bila matatizo makubwa, ana mke anayempenda na kumsema kwa kiasi kilekile, na ana binti aliyemrithi mkono. Binti ndiye aliyeshika futi na penseli, mzee akashika randa. Wateja walimwita binti Injinia, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa adabu kabisa baada ya kuona milango yake haikwami. Kwa ufupi, Fundi Jaribu alikuwa mtu aliyeridhika. Na watu walioridhika wanakera kidogo, tuseme ukweli: unaenda kumlilia shida zako, yeye anakupa stuli ukae ili aone kama inayumba.

Asubuhi ile alikuja wakili. Huyu wakili alikuwa mama mwembamba mwenye mkoba mzito kuliko yeye, na Fundi alimfahamu kwa sababu ndiye aliyemtengenezea kabati la ofisi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Usiniambie kabati limeanza kuyumba."

"Kabati litatuzika sote. Nimekuja na kazi nyingine. Ni ya kituo cha polisi."

Randa ikasimama. Injinia naye akaacha kupiga mstari, akamtazama baba yake.

Hapa lazima nieleze, maana kila mtu mtaani anajua na wewe hujui. Miaka thelathini na tano nyuma, Fundi akiwa kijana kwenye kiwanda cha mbao, iliibwa mota ya msumeno. Wakamkamata yeye. Alikaa siku tisa selo, akapigwa ili akiri, hakukiri, na mwishowe mota ikakutwa nyumbani kwa mwenye kiwanda, kwenye banda la mwanawe. Ubavu mmoja uliungana vibaya. Huo ubavu Fundi aliufanya mchezo wa harusini: aliwaita watu wauguse, akasema umekwenda likizo na haujarudi. Watu walivunjika mbavu zao nzima kwa kucheka. Kwa hiyo kila mtu aliamini anaijua habari yote ya zile siku tisa, mkewe akiwa wa kwanza, na Fundi akaacha waamini hivyo. Kulikuwa na jambo jingine la mle ndani ambalo hakuwahi kulitamka kwa kiumbe yeyote, na lilimuuma kuliko ubavu.

"Kituo kilekile?" akauliza.

"Kilekile. Lakini baba, ukitaka kukataa, kataa, sitakulaumu hata kidogo."

"Sema kwanza."

Wakili akasema. Yeye na mawakili wenzake wamekishtaki kituo, na si kwa kupiga, maana mkuu wa sasa hataki kabisa mtu apigwe. Wameshtaki kwa sababu ya choo. Selo ina watu kumi na watano. Choo ni tundu kwenye kona, hakuna ukuta, hakuna pazia, mtu anajisaidia mbele ya wenzake na mbele ya mlango wa nondo ulio wazi kwenye korido. Mahakama imetoa siku thelathini pawekwe kizuizi. Siku ishirini na nne zimeishia kwenye kuandikiana barua. Jumatatu msajili wa mahakama anakuja kukagua. Wakili amemwomba mkuu wa kituo ampokee fundi anayemwamini, naye amekubali, ila neno la mwisho juu ya kazi yenyewe ni la mkuu.

"Sikia hukumu ilivyoanza," akasema, akavaa miwani. "'Hakuna mtu atakayeteswa, wala kupewa adhabu ya kikatili, wala kutendewa kwa namna ya kumdhalilisha.'"

"Rudia."

"'Hakuna mtu atakayeteswa...'"

"Hapo napajua. Nenda mbele."

"'...wala kutendewa kwa namna ya kumdhalilisha.'"

"Hayo maneno yamo kwenye sheria, au umeyaongeza wewe kwa ufundi wako?"

Wakili akacheka. "Yamo, baba. Yamo kwenye katiba, yamo kwenye mikataba ambayo nchi karibu zote zimetia saini. Yamekaa sentensi moja na mateso, bega kwa bega. Na sentensi hiyo haina 'isipokuwa'. Sheria nyingine nyingi utakuta zina mlango wa uani: isipokuwa wakati wa vita, isipokuwa kwa usalama wa taifa. Hii haina. Awe mwizi, awe muuaji, iwe vita, iwe njaa, hairuhusiwi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujakamatwa."

Fundi Jaribu akakaa. Alikaa kwenye kiti ambacho hakijajaribiwa, tena kina miguu mitatu tu, wa nne ulikuwa bado umebanwa kwenye jiliwa, na kama siyo Injinia kumdaka kwapani angekwenda chini kama gunia. Hakuona hata aibu. Miaka yote ile aliamini sheria ilivunjwa kwenye ubavu wake tu. Yale ya kona aliyachukulia kuwa yake peke yake, udhaifu wake, kwamba mwanamume mwingine angeyabeba bila kujali. Kumbe kulikuwa na watu waliokaa mezani, wamevaa vizuri, wakaliandika na hilo.

"Nitafanya," akasema.

Jioni wakati wa chakula akamwambia mkewe. Mkewe akaweka kijiko chini.

"Utaweza kuingia mle, baba Injinia?"

"Safari hii naingia na nyundo."

"Haya. Ila usije ukalala humo eti unajaribu. Mimi sikufuati na uji."

Wakacheka wote. Maneno yalimfika kooni pale, akataka kumwambia. Akayameza pamoja na tonge, akaomba aongezewe mchuzi.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mwenye kifua kipana mpaka vifungo vya sare vililalamika. Baada ya siku mbili aliwapokea vizuri Fundi na binti yake, akaagiza viti, akamwita Fundi mzee wangu. Halafu akatoa karatasi yenye mchoro.

"Karani wa stoo amenichorea. Ubao wa sentimita sitini, upande huu na huu. Kazi ya siku moja."

Injinia akauchukua mchoro, akampa baba yake bila kusema kitu. Fundi akauangalia, akaangalia na upande wa nyuma, labda kuna kilichosahauliwa.

"Mkuu, sitini itafika magotini."

"Ndiyo. Nisikilize, mzee wangu. Mahabusu lazima aonekane. Mwaka juzi kituo cha jirani mtu alijifungia chooni akajinyonga kwa shati lake. Mkuu wa pale alilia mbele yangu. Mimi nikijenga ukuta hapa, kesho nikute maiti nyuma yake, mahakama hiyohiyo itanila nyama."

Fundi alikubali kwamba hilo ni neno. Hakutaka kujifanya hamnazo.

"Na jambo la pili," mkuu akaendelea, na sasa sauti ilianza kupanda. "Mimi hapa sipigi mtu. Muulize yeyote. Askari akiinua mkono juu ya mahabusu, namvua cheo mimi mwenyewe. Halafu mahakama inanisomea kifungu cha mateso! Wananitia kapu moja na wale wa zamani! Kwa tundu la choo! Hao watu hawakuja hotelini. Sheria imesema kizuizi, nitaweka kizuizi. Sitini. Ukiona huwezi, sina ubaya na wewe, nina fundi mwingine anayeweza kumaliza leo hii kabla ya magharibi."

Fundi akaona mambo yote kwa pamoja. Akikataa, fundi mwingine atapigilia ubao wa sitini, msajili atatia tiki kwenye fomu yake, na ubao huo utakaa hapo miaka mingine thelathini na tano. Akikubali, atakuwa ameupigilia yeye kwa mkono wake. Alikuja pale na furaha zake, na sasa zilimtoka.

"Mkuu," akasema, "mimi kazi yangu haitoki bila kujaribiwa. Huo ndio utaratibu wangu, ulizia popote. Nipe nusu saa niisimamishe sitini yako. Ikikaa sawa, naifunga mwenyewe."

Mkuu akaangalia saa, akakubali.

Mahabusu walikuwa wametolewa uani kuota jua. Selo ilikuwa tupu, imemwagiwa maji, lakini harufu ile haisikii maji. Fundi alisimama mlangoni akajikaza kisabuni, akaingia. Walishapaka rangi mara kadhaa tangu enzi zake. Kona ilikuwa palepale. Tundu lilikuwa juu ya kijukwaa cha saruji, unapanda ngazi moja ya sentimita ishirini na tano ndipo unachuchumaa, na mbele yake mlango wa nondo, korido, na mwisho wa korido meza ya zamu, ambapo alikaa koplo mmoja wa kike akiandika kwenye daftari. Kiti chake alikiweka upande, ameupa mlango wa selo mgongo.

Injinia alisimamisha plaiwudi kwa vigingi viwili, akapima: sitini kamili kutoka sakafuni. Baba na binti wakatazamana. Karani wa stoo alikuwa amepima kutoka sakafuni! Choo kiko juu ya ngazi, yeye kapima chini, kwa sababu hajawahi kupanda pale hata siku moja na hakumwuliza aliyewahi. Ukitoa ngazi, ubao ulibaki na kimo cha ndoo ndogo.

"Nani atajaribu?" Fundi akauliza.

Askari walishajaa koridoni, maana kituoni burudani si nyingi. Sajenti mmoja mcheshi, yule wa kila kituo, akavua kofia, akampa mwenzake mkanda amshikie, akapanda kijukwaani na suruali yake mwilini, akachuchumaa. Kilichofichika ni viatu.

Kicheko kilichotoka hapo kilifika uani. Sajenti akajitia kukunja uso, akakodoa macho, watu wakashikana mabega. Mmoja akatoa simu. "Tabasamu, Sajenti! Hii naipeleka kwa shemeji!" Sajenti akacheka naye mara ya kwanza. Mara ya pili akacheka kidogo. Mara ya tatu akasema, "Haya basi, jamani, yatosha," na hawakuacha, na akataka kusimama lakini mguu ulikuwa umeshikwa na ganzi, akabaki pale amechuchumaa huku anatafuta pa kuangalia. Nguo alikuwa amevaa zote. Na bado aliinamisha uso kama mtu aliye uchi.

"Kicheko ni hichohicho," akasema Fundi Jaribu.

Hakupaza sauti. Wale wa karibu walinyamaza, wa nyuma wakaendelea kidogo, nao wakanyamaza.

"Mimi nimelala humu siku tisa. Nilikuwa kijana wa ishirini na nane. Mnauona ubavu huu? Nimeufanya utani miaka yote, na utani ukanisaidia, ubavu ukapoa. Nilipigwa na watu ambao najua walikuwa wanakosea, walijua na wao. Lakini ile kona..." Akaonyesha kwa futi. "Siku nne nilijizuia. Siku nne, jamani. Nilikataa kula ili nisiende. Tumbo likawa jiwe. Siku ya tano mwili ukanishinda, nikapanda pale, watu kumi na saba wakinitazama, na askari wa zamu akaita wenzake waje. Wakacheka kama mlivyocheka sasa hivi. Nilikuwa nimechumbia. Nikajiambia, mimi nitaoaje? Nitakaaje mbele ya binti wa watu nikajiita mwanamume? Ubavu niliuonyesha harusini. Hili sijamwambia hata yule niliyemwoa. Binti yangu huyu hapa analisikia leo."

Injinia alikuwa ameshika penseli. Aliichomeka nyuma ya sikio, akasogea karibu na baba yake.

"Sikuwa najua kwamba ni kosa," Fundi akamalizia. "Nilijua kunipiga ni kosa. Hili nilidhani ni langu. Juzi wakili amenisomea kwamba limo kwenye sheria, sentensi moja na kile kipigo, na hata mtu awe jambazi, hatendewi hivyo. Mkuu, wewe huonewi ukisomewa kifungu hicho. Wewe umeshamaliza nusu yake. Imebaki hii."

Mkuu alikuwa amekunja mikono juu ya kifua chake, na hakuna aliyejua atapasuka upande gani. Basi kule mwisho wa korido kiti kikaburuzwa, na yule koplo akasimama.

"Samahani, Afande. Naomba niseme."

"Sema."

"Nina miaka mitano kwenye meza hii. Mnaniambia naringa, sisalimii watu, nakaa nimewapa mgongo. Hata wewe Afande uliniandikia onyo kwamba silitazami lango. Nitalitazamaje? Nikigeuka nawaona. Wanaume wenye umri wa baba yangu. Na wao wananiona nawaona. Mzee mmoja alinitaka radhi! Ananiomba radhi mimi, amechuchumaa pale! Tangu siku hiyo nikageuza kiti." Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa amekasirika kwamba yanamtoka. "Kama usalama ndiyo hoja, basi hakuna usalama, maana hakuna anayetazama. Wa zamu zote za usiku nao wamegeuza kiti. Waulize."

Mkuu akawaangalia askari wake mmoja mmoja. Mmoja mmoja wakaangalia sakafu.

"Aliyepiga picha afute," akasema mkuu. "Sasa hivi, nione." Akangoja mpaka akaiona ikifutwa. Halafu akampa Sajenti mkono, akamnyanyua kutoka kwenye kijukwaa, akamfuta vumbi begani. Kisha akamgeukia Fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubishana, naye ameona nafuu.

"Haya, mzee wangu. Lakini mimi bado nataka kumwona asijidhuru. Nipe vyote viwili."

"Vyote viwili vinawezekana," akasema Fundi, na hapo furaha yake ya kazi ikamrudia palepale, akaanza kuongea kwa mikono. Kizuizi kitaanzia vidole vinne juu ya ngazi, ili miguu ionekane muda wote. Kitapanda mpaka kimfiche aliyechuchumaa, lakini akisimama kifua na kichwa viko nje. Kilango kitafunguka kwa nje, asiweze mtu kukizuia kwa mwili. Komeo la mbao ndani, askari anaweza kulifungua kwa nje kwa kucha. Na ukingo wa juu ataupiga randa uwe wa mviringo na mteremko, shati likifungwa pale linateleza na kuanguka. "Hata utepe hautashika. Nitaujaribu mimi mwenyewe mbele yako."

"Kimo gani, basi?"

"Hicho hakisemwi, kinapimwa."

Akavua kofia, akapanda ile ngazi. Askari wote walikuwa wanaona. Magoti yalilia moja baada ya jingine, akachuchumaa mahali palepale alipochuchumaa akiwa na miaka ishirini na nane, na Injinia akaja na futi na penseli akaweka ubao pembeni yake. Mkono wa Injinia haujawahi kukosea mstari, mteja yeyote atakuambia. Mstari wa kwanza ukaenda segemnege, akaufuta, akapiga mwingine.

"Pandisha kidogo, mama," akasema baba yake kutoka kule chini. "Kuna watu warefu."

Wakakata mia moja na thelathini kutoka sakafuni, na safari hii ngazi imehesabiwa.

Njia nzima ya kurudi Injinia alisukuma mkokoteni wa vifaa. Walipofika karakana ndipo akasema, "Siku nne, baba?"

"Siku nne."

"Ningekuwa nimezaliwa, ningekuja kuwachoma moto."

"Ndiyo maana ulicheleweshwa," akasema Fundi, na binti akacheka huku anafuta macho kwa mkono wenye gundi, akalazimika kwenda kunawa.

Jioni ileile Fundi alimwambia mkewe, uani, mama akichambua maharage. Alimwambia yote, kwa mpangilio, hata lile la kukataa chakula. Mama akaacha kuchambua, akaelekeza kidole chooni.

"Kwa hiyo ndiyo maana mlango wa choo chetu ni mzito kuliko mlango wa mbele," akasema.

Fundi hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Aligeuka akautazama. Mlango wa mbele wa nyumba yao ulikuwa wa mbao laini, unafungwa kwa kitasa cha kawaida tu. Wa choo ulikuwa mti mgumu, ubao mmoja mmoja umechaguliwa, bawaba tatu na makomeo mawili. Alicheka mpaka akashika ule ubavu. Mkewe alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, akawa anamrushia maharage mabovu, akimwambia, miaka thelathini na minne mimi nahangaika na yale makomeo gizani, mzee wewe, kumbe ungesema tu! Kisha akasogeza ungo, akakaa karibu naye, wakamalizia kuchambua pamoja.

Jumamosi wakafunga kazi. Mkuu alikuja na shati lake mwenyewe, akalifunga juu ya ukingo, likateleza. Akalifunga kwa nguvu, likateleza. Akasema, "Mashaallah," akamwita karani wa stoo, akamwambia apande ngazi ile achuchumae mpaka aambiwe ainuke. Karani akapanda, akafunga kilango. Walimwacha humo kitambo kirefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Koplo aligeuza kiti chake, akakiweka sawasawa nyuma ya meza, akawa analitazama lango na daftari liko mbele yake.

Mahabusu wakarudishwa, siku hiyo walikuwa kumi na wawili. Fundi na Injinia walikuwa koridoni wanakusanya patasi na misumari. Miongoni mwa wale watu kulikuwa na mmoja wa makamo, mwenye mvi kiasi, aliyeingizwa juzi kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Aliona kilango. Hakuuliza ni nini, hakungoja maelezo. Alipita katikati ya wenzake kwa haraka ya mtu aliyejizuia muda mrefu, akapanda, akafunga, komeo likalia.

Selo ikawa kimya. Watu kumi na mmoja, na koridoni pia, wote kimya, kila mtu anajifanya haoni.

Kutoka ndani sauti ikatoka, ya mtu aliyekereka kabisa: "Jamani, ongeeni basi! Mmenyamaza ili iweje?"

Wakaangua kicheko, na hiki kilikuwa kicheko cha watu wa nyumba moja. Mmoja akaanza habari ya mpira, kwamba ile penalti ya Jumapili ilikuwa halali. Mwingine akamrukia, halali ya wapi? Sajenti akadakia kutoka koridoni kwamba refa alinunuliwa. Koplo kutoka mezani akasema refa ni binamu yake na hana hata baiskeli. Wakapayuka wote kwa pamoja, makusudi, kwa sauti ya juu, na Fundi Jaribu, ambaye mpira haujui na hajawahi kuutazama dakika tisini, akapaza sauti kuliko wote akasema yeye anaona wangerudia mechi.

Kilango kikafunguka. Yule mtu akashuka ngazi, akanawa mikono kwenye ndoo, akajifuta kwenye shati. Kisha akainua uso, akawatazama wenzake, askari na mafundi, mmoja baada ya mwingine, machoni.

"Nani huyo anasema ilikuwa halali?" akauliza, akaingia kwenye ubishi.

Zile siku tisa Fundi Jaribu hakumtazama mtu usoni baada ya siku ya tano, na baada ya kutoka ilimchukua mwaka mzima kuweza.

"Baba, twende," akasema Injinia, mkoba wa vifaa begani.

"Nenda, nakuja," akasema baba yake, akaketi kwenye benchi la koridoni. "Nataka kumsikiliza kidogo huyu bwana."